Watu wazima na vitofali vya kuchezea

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi tulikuwa kwenye majaribio, si mnajua tena mambo ya kusoma kwa zimamoto, na Jumatatu kuna jingine la takwimu. Lakini leo nimepanda kitandani mapema, kitanda cha juu, na kabla sijarudi kwenye notisi nataka nimalize ubishi ulioanza chumbani kwetu Jumamosi ya wiki iliyopita.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda Karume, pale Ilala, kutafuta viatu vya mtumba. Viatu vya saizi yangu sikupata. Ila pembeni, kwenye lundo la midoli iliyochoka, nikaona mfuko umejaa vitofali vya plastiki vya rangi rangi, vile vya LEGO, vimechanganyika na vya makampuni mengine. Muuzaji akataja elfu kumi, tukaelewana elfu sita. Nimevihesabu: 214. Kimoja kina alama za meno ya mtoto. Jioni ile ile nikaanza kujenga daraja, na nguzo mbili zilikuwa zimeshasimama rumeti wangu alipoingia. Akasimama mlangoni akaniangalia kama dakika nzima. Kisha akasema: "Yaani mzee wako anasukuma randa kule Keko, wewe bumu likitoka unanunua midoli?"

Nilicheka, lakini lile la mzee liliniingia. Mzee wangu ni seremala kweli, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye vitanda na makabati. Elfu sita si pesa nyingi, lakini si ya kuchezea pia. Usiku sikulala vizuri. Jumatatu nikaingia maktaba, na badala ya kufungua takwimu nikaanza kusoma habari za vitofali hivi na watu wazima wanaovijenga, maana wapo, tena wengi mno. Nilitaka jibu la kumpa rumeti tu. Nilichokuta ni historia nzima, na mtu wa kwanza ndani ya historia hiyo naye ni seremala.

Seremala wa Billund

Anaitwa Ole Kirk Kristiansen, alizaliwa Denmark mwaka 1891. Mwaka 1916 alinunua karakana ya useremala kwenye kijiji kidogo kiitwacho Billund. Mwaka 1924 karakana na nyumba vikaungua. Moto ulianzishwa na watoto wake wawili waliokuwa wakicheza kwenye maranda. Akajenga upya. Halafu ukaja ule mdororo wa uchumi wa dunia, wakulima wakakosa pesa ya kuagiza nyumba au samani, na mwaka 1932 mke wake akafariki, akabaki na watoto wanne wa kiume. Ndipo alipoanza kutengeneza vitu vidogo vidogo vya mbao: ngazi, meza za kupigia pasi, na vitu vya kuchezea watoto. Alipowaomba ndugu zake wamdhamini mkopo, walimwuliza kama kweli hakuwa na kazi ya maana zaidi ya hiyo. Seremala mzima, baba wa watoto wanne, anachonga magari ya mbao!

Hakuacha. Jina la LEGO alilitoa kwenye maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yaani "cheza vizuri". Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1946, akaamua kununua mashine ya kuyeyushia na kukandamizia plastiki kwenye kalibu, jambo ambalo wengi waliona ni kichaa kwa fundi wa mbao. Mwaka 1949 kiwanda chake kikatoa vitofali vya kwanza vya plastiki.

Sasa hapa historia inakuwa chungu kidogo. Kitofali kile hakikuwa wazo lake. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, ndiye aliyebuni kitofali cha plastiki chenye vinundu juu na kukiuza Uingereza mwaka 1947. Sampuli zake zilifika Billund pamoja na habari za mashine, zikafanyiwa marekebisho madogo, basi. Page alifariki mwaka 1957, kabla kitofali cha Denmark hakijaanza kuuzwa kwao. Mwaka 1981 kampuni ya LEGO ilinunua haki zilizobaki za Kiddicraft. Nalisema hili mapema kwa sababu swali la nani mwenye kitofali litarudi tena na tena.

Vinundu na mirija

Vitofali vya mwanzo vilikuwa wazi kwa chini, havishikani vizuri. Ukijenga mnara mrefu ukaubeba, unabaki na nusu mkononi. Mtoto wa Ole Kirk, Godtfred, ambaye ni mmoja wa wale wawili waliochoma karakana, ndiye aliyelitatua hilo. Tarehe 28 Januari 1958 aliomba hataza ya kitofali chenye vinundu juu na mirija ndani, kiasi kwamba kila kinundu kinabanwa kati ya ukuta na mrija. Miezi miwili haijaisha, Machi 1958, baba yake akafariki. Mwaka 1963 wakabadili plastiki, wakaanza kutumia ile iitwayo ABS, ambayo haipindi upesi na rangi yake haipauki kirahisi.

Kwa nini nawasumbua na mambo ya mirija? Kwa sababu hapo ndipo mtu mzima alipofunguliwa mlango bila mwenye nyumba kujua. Kitofali cha 1958 kinaingia sawasawa kwenye kitofali kilichotoka kiwandani juzi. Kitu unachokinunua leo hakiharibu cha jana, kinakiongezea. Mtoto atavikusanya miaka mitano, lakini mtu mwenye mshahara anaweza kuvikusanya miaka arobaini.

Halafu kuna hesabu. Chukua vitofali sita vya rangi moja, vile vya vinundu nane, mbili kwa nne. Unaweza kuviunganisha kwa namna ngapi? Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa inasema 102,981,500. Baadaye mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, akagundua kwamba hesabu ile ilihusu minara ya ghorofa sita tu, kitofali kimoja juu ya kingine. Akaandika programu ya kompyuta ikahesabu mipangilio yote. Jibu: 915,103,765. Vitofali sita tu! Na mimi ninavyo 214, hata kama si vyote halali. Vya LEGO nilivitambua kwa jina lililoandikwa juu ya kila kinundu. Vile vingine, baadhi vinabana hadi kucha zinauma, baadhi vinachomoka ukipiga chafya.

Watu wazima wa mwanzo

Rumeti anafikiri mtu mzima kujenga kwa vitofali ni mambo ya siku hizi, ya watu waliokosa kazi. Si kweli. Miaka ya mwanzo ya 1960 Godtfred mwenyewe alikuwa anapanga kujijengea nyumba, akataka kutengeneza mfano wake kwa vitofali. Vikamgomea, kwa sababu kitofali cha kawaida kina upana wa milimita 8 kwa kila kinundu lakini urefu wake kwenda juu ni milimita 9.6. Vipimo vya nyumba havikai. Mwaka 1963 ikaanzishwa kampuni ya pembeni, Modulex, yenye vitofali vidogo vya vipimo vya milimita 5 kila upande, kwa ajili ya wasanifu majengo na wapangaji wa viwanda. Havikupata soko kubwa, na kampuni hiyo ikageukia vibao vya kuelekeza watu ndani ya majengo. Lakini angalieni: kabla sijazaliwa, kabla rumeti hajazaliwa, mwenye kiwanda mwenyewe alikuwa mtu mzima anayejenga nyumba ya vitofali mezani kwake.

Yupo pia Dagny Holm, mama aliyesomea uchongaji, jamaa wa familia hiyo, aliyeingia kiwandani mwaka 1961. Ilipofunguliwa bustani ya Legoland pale Billund mwezi Juni 1968, nyumba, treni na bandari zilizoonyeshwa kwa vipimo vidogo zilitoka kwenye mikono yake na ya wenzake. Msimu wa kwanza walikuja watu 625,000, kwenye kijiji ambacho zamani ungepita bila kugeuza shingo. Watoto walikuja kuangalia, lakini wajenzi walikuwa watu wazima. Tofauti ni kwamba wao walilipwa mshahara, kwa hiyo hakuna aliyewacheka. Neno hili mshahara liwekeni akilini.

Zama za giza

Wanaopenda vitofali ukubwani wana msemo wao: "zama za giza". Maana yake ni ile miaka ambayo mtu ameviacha, tuseme kuanzia miaka kumi na mitatu hivi, anapoanza kuona aibu mbele ya wenzake, mpaka siku anaporudi, labda ana thelathini na mke juu. Wanasimulia habari hizo kama mtu anayesimulia alivyopotea. Wengi waliporudi walijificha. Dukani walikuwa wanasema wanamnunulia mpwa wao.

Miaka ya 1990 intaneti iliwakutanisha. Mtu aliyedhani yuko peke yake mjini kwao akagundua wapo maelfu. Na walipokutana hawakuishia kupiga soga, walianza kutengeneza vifaa. Kijana mmoja wa Australia, James Jessiman, mwaka 1995 alitoa programu iitwayo LDraw, ya kuchora vitofali kwenye kompyuta, akaigawa bure. Alianza na vipande vichache, watu wakaongeza vingine. Mwaka 1997 akafariki akiwa bado kijana. Wenzake, ambao wengi hawakuwahi kumwona kwa macho, wakaendeleza kazi ile, na hadi leo kuna programu nyingi za ujenzi zinazosimama juu ya msingi wake. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo. Tunasema mtu mzima anapoteza muda na midoli, halafu mchezo wake unaishi baada yake.

Mwaka 2000, Virginia huko Marekani, wakafanya mkutano wao wa kwanza mkubwa, BrickFest. Watu walisafiri na makasha ya miji waliyojenga nyumbani. Mwaka huo huo kijana mwingine, Dan Jezek, akafungua soko la kuuziana vipande kimoja kimoja, ambalo lilikuja kuitwa BrickLink. Kwa hapa kwetu ningelifananisha na gereji bubu za spea, kwamba gari zima huhitaji, unahitaji boliti moja, na yupo mtu mahali fulani anayo.

Kampuni yenyewe ilikuwa inafanya nini wakati huu? Kwa muda mrefu ilikuwa na sheria ya kutopokea wazo lolote kutoka nje. Ukiandika barua kupendekeza kitu, jibu ni asante, hatupokei. Wateja wao ni watoto. Hawa wengine ni wachache, tena wasumbufu.

Roboti na mwanafunzi

Mwaka 1998 kampuni ilitoa kifaa kinachoitwa Mindstorms, kitofali kikubwa chenye kompyuta ndogo ndani yake, unakifunga injini na vihisio, unapata roboti. Kilikusudiwa watoto wakubwa. Haikupita muda, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Kekoa Proudfoot, akawa ameifungua ile programu ya ndani, kipengele kwa kipengele, na kuitangaza kwa kila anayetaka. Wengine wakatumia kazi yake kuandika lugha mpya za kuendeshea roboti zile, zenye nguvu kuliko ya kiwandani.

Fikirini mko Billund, mmetumia miaka na pesa, halafu mwanafunzi anakuja kuwafungulia sanduku. Wanasheria wangekwenda mahakamani. Kampuni ilijadili, ikachagua njia nyingine: ikaacha watu waendelee, hata ikaweka kwenye leseni yake ruhusa ya kuichokonoa programu hiyo. Matokeo yake, vitabu vikaandikwa, mashindano yakaanzishwa, vyuo vikaanza kuitumia kufundishia. Hilo lote halikuwemo kwenye sanduku.

Moto wa namna nyingine

Ila somo moja halitoshi. Mwaka huo huo wa 1998 kampuni ilipata hasara yake ya kwanza katika historia. Ikatafuta dawa kila mahali: nguo, saa, bustani mpya, michezo ya kompyuta, wanasesere wasiofanana kabisa na vitofali. Vipande vya aina mpya vikaongezeka mno, kila kimoja na kalibu yake, na kalibu ni ghali. Mwaka 2003 hasara kubwa, mwaka 2004 hasara ya karibu kroner bilioni 2. Oktoba 2004 akaletwa mkurugenzi kijana wa miaka 35, Jørgen Vig Knudstorp, wa kwanza kutoka nje ya familia. Akauza sehemu kubwa ya zile bustani, akapunguza aina za vipande, akarudi kwenye kitofali.

Watu wazima wapo wapi hapa? Wapo katikati. Mwaka 2002 kampuni ilikuwa imetoa seti ya vipande 622 ya karakana ya mhunzi. Aliyeibuni hakuwa mfanyakazi, alikuwa Mmarekani mmoja mpenda vitofali, Daniel Siskind, ambaye alikuwa ameshaanza kuiuza mwenyewe. Kwa hiyo walijua kwamba nje kuna mafundi. Lakini bado walikuwa hawajajifunza kuuliza. Mwaka 2004 walibadili rangi ya kijivu na ya kahawia kidogo tu, kijivu kikawa na ubluu. Kwa mtoto si kitu. Kwa mtu aliyejenga ngome kwa kijivu cha zamani miaka kumi, ni kama kupakwa rangi ukuta wa nyumba yako nusu nusu. Malalamiko yaliwaka! Na wajanja wa Billund wakaona jambo: hawa watu wanalalamika hivi kwa sababu wanapenda. Asiyekupenda hana muda wa kukugombeza.

Mwaka 2005 Knudstorp alikwenda mwenyewe BrickFest, akasimama mbele yao, akajibu maswali. Mwaka huo huo ukaanzishwa utaratibu wa mabalozi, wapenda vitofali wanaopeleka sauti za wenzao kiwandani. Na kwa siri, kampuni ilikuwa imewaita wapenzi wanne kutoka Amerika ya Kaskazini wasaidie kubuni roboti mpya, iliyotoka mwaka 2006 kwa jina la NXT. Walikwenda Denmark kwa nauli zao wenyewe. Malipo yao yalikuwa vitofali na vifaa vya majaribio. Wakafurahi!

Nani anamlipa nani?

Rumeti alipofika hapa (ndiyo, nilimsomea kwa sauti, alikuwa anapiga pasi hana pa kukimbilia) akaruka: "Si unaona? Wamefanyishwa kazi bure!" Nikanyamaza, kwa sababu ana hoja. Kumbukeni neno mshahara. Dagny Holm alikuwa anajenga na kulipwa, wale wanne walijenga na kujilipia ndege. Page aliyebuni kitofali hakuona kitu. Kampuni kubwa ikikwambia wewe ni balozi wetu, angalia kwanza kama ubalozi una posho.

Baadaye mambo yalinyooka kiasi. Mwaka 2008, Japani, ulianza mpango wa watu kupendekeza seti zao na wenzao kuzipigia kura. Ulipopanuliwa duniani mwaka 2011, wazo likifikisha kura 10,000 linaingia kwenye mchujo, na likitengenezwa, mwenye wazo anapata asilimia 1 ya mauzo halisi. Asilimia 1 ni ndogo, lakini ina jina lako juu yake. Kwa njia hiyo mwaka 2014 ilitoka seti ya wanasayansi watatu wanawake, wa nyota, wa mifupa ya kale na wa kemia, iliyobuniwa na mwanasayansi wa kweli, Ellen Kooijman, aliyekuwa akifanya kazi Stockholm. Aliona vikaragosi vya kike ni wachache na kazi zao ni zile zile. Mtoto gani angepiga hodi kiwandani kusema hivyo? Ilihitajika mtu mzima.

Tena wapo waliogeuza mchezo kuwa kazi kabisa. Nathan Sawaya alikuwa mwanasheria New York, akaacha kesi akawa mchongaji wa sanamu za vitofali, na maonyesho yake yalianza mwaka 2007. Adam Reed Tucker, msanifu majengo wa Chicago, alikuwa anajenga maghorofa ya mji wake kwa vitofali, na mwaka 2008 kazi yake ikazaa seti za LEGO Architecture. Ule mradi wa Modulex wa 1963 ulirudi kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 2019 kampuni ikainunua BrickLink, lile soko la spea. Wengine walishangilia, wengine waliogopa kwamba gereji yao bubu sasa ina mwenye nyumba. Mwaka 2020 ikaanza kuandika 18+ waziwazi kwenye masanduku ya watu wazima. Mtu hahitaji tena kusema ananunulia mpwa. Ila bei nayo imekua: lile dege la Star Wars la mwaka 2017, vipande 7,541, lilitoka kwa dola 800 kasoro senti. Kwa hapa kwetu hilo si dude la kuchezea, ni mahari. Na roboti za Mindstorms, zilizofungua macho ya wote hawa, zilisimamishwa mwishoni mwa 2022.

Jibu langu

Basi nikamwambia rumeti hivi. Pale nje ya duka la mangi kila jioni wazee wanacheza bao. Wengine drafti kwa visoda. Kuna mzee wa miaka sabini anapiga kelele kwa sababu kete zimeliwa. Umewahi kumcheka? Akasema hapana, lile ni bao. Kwa nini bao ni heshima na kitofali ni utoto? Akafikiri, akasema kwenye bao kuna kushinda na kushindwa. Nikamwambia umejibu mwenyewe. Tumezoea kwamba mtu mzima anaruhusiwa kucheza akiwa anamshinda mtu, au akiwa analipwa. Kukaa chini kujenga kitu kwa sababu tu unataka kuona kama kitasimama, hilo tunasema ni la watoto. Halafu tunashangaa kwa nini tukifika mwaka wa tatu hakuna anayejaribu kitu kisichokuwemo kwenye mtihani.

Kampuni ya Billund iliwadharau watu wake wazima kwa miaka mingi, na ilipoanza kuwasikiliza ilipata vitu ambavyo haikuweza kuvinunua. Sisemi walioiokoa ni wao peke yao, kupunguza gharama na filamu za Star Wars navyo vilichangia. Nasema lile la aibu halikuwa na msingi. Seremala aliyeambiwa hana kazi ya maana na mwanafunzi aliyefungua roboti walikuwa kwenye kazi moja.

Rumeti hakukubali. Ila jana nimemkuta ameongeza nguzo ya tatu kwenye daraja langu. Imepinda, nimeiacha.

Jumapili nilikwenda nyumbani Keko na ule mfuko, maana nilitaka mzee ajue pesa imekwenda wapi kabla hajaambiwa na watu. Nikamwamkia, nikamwaga vitofali kwenye benchi lake. Akavaa miwani, akachukua viwili, akavibana, akavichomoa, akavibana tena karibu na sikio.

"Hapa hakuna gundi?"

"Hakuna, mzee."

"Basi aliyekata hii kalibu ni fundi." Akavipindua akaangalia mirija kwa chini, muda mrefu. "Shilingi ngapi?"

"Elfu sita."

Akanyamaza, nikajua sasa linakuja. Akasema: "Ungeniambia baba, ningekukatia za mninga bure." Halafu akauliza habari za jaribio la takwimu, nikamdanganya kidogo.

Niliporudi chuoni usiku nikavihesabu tena kabla ya kulala, mazoea tu. Vipo 208. Vyekundu sita vya vinundu nane havipo. Sijampigia simu kuuliza.

Haya wadau, takwimu inaniita. Kama na wewe una mchezo unaoufanya umefunga mlango, niambie, sitakucheka. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.